Steroidi, Kazi Nzito na Nguvu ya Misuli

Katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na ya miwa ya Ruembe, wilayani Kilosa, mwili wa mfanyakazi ndio mtaji wake. Kijana wa Mikumi anayenyanyua vyuma jioni naye hutamani misuli minene. Kwa wote wawili, dawa ya kuongeza nguvu huonekana kuwa njia ya mkato.

Mzigo mzito huzipa nyuzi za msuli ishara ya kutengeneza protini zaidi, na chembe hai za akiba huungana nazo. Steroidi za kujenga misuli, zinazoiga homoni ya testosteroni, huikuza ishara hiyo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1996 uliwahusisha wanaume 43 kwa wiki 10. Waliopewa dawa walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliopata dawa bila mazoezi, kilo 3. Waliopata vyote viwili, kilo 6.

Dawa, basi, hufanya kazi. Ila wiki 10 hazitoshi kudhihirisha gharama yake. Ubongo ukihisi homoni imezidi, huacha kuziamrisha korodani, nazo husinyaa na mbegu za uzazi hupungua. Kuta za moyo hunenepa, kolesteroli yenye manufaa hushuka, na baadhi ya vidonge huumiza ini. Sauti ya mwanamke huweza kuwa nzito daima. Mifupa ya kijana huweza kukoma kurefuka mapema. Kano, zisizoimarika kwa kasi ya misuli, huweza kukatika.

Prednisoloni na deksamethasoni nazo huitwa steroidi, lakini ni za ukoo mwingine. Zikitumiwa muda mrefu huvimbisha uso huku zikidhoofisha misuli ya mapaja na mabega. Aliyeandikiwa na daktari asiziache ghafla.

Hata bila dawa, kazi inayopita kiasi juani huweza kuvunja misuli na kuziba figo. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya kazi nzito, pamoja na maumivu makali ya misuli, ni sababu ya kufika hospitali siku hiyohiyo.

Nguvu idumuyo hujengwa kwa mzigo unaoongezwa polepole, maharage na dagaa, maji ya kutosha na usingizi.