Je, kijana wa kiwandani ni mtu huru?



Katika kwaya yetu hapa Lubumbashi kuna kijana mmoja wa sauti ya besi. Kwa miezi mingi hatukumwona Jumapili, na sisi wazee wa kanisa tulisema kwamba amekuwa mvivu wa mambo ya Mungu. Tulipomtembelea tulimkuta amelala saa nane mchana, nguo za kazi zikiwa bado mwilini. Anabeba magunia usiku katika kiwanda cha unga, kazi ya siku kwa siku. Tukamwambia: wewe si mtumwa, omba ruhusa. Akajibu: “Baba zangu, niko huru kweli. Nikitaka, leo siendi. Kesho nitakuta mtu mwingine mahali pangu.”

Jibu hilo lilitutuma kusoma sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka mwisho wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, na inampa kila mfanyakazi mapumziko ya juma, ambayo kwa kawaida ni Jumapili. Babu zetu hawakuwa na hayo. Chini ya amri ya wakoloni ya mwaka 1922, mtu aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha aliweza kutiwa gerezani. Leo hakuna polisi atakayemfuata kijana wetu.

Lakini kuna kifungu kimoja ambacho vijana wengi hawakijui, cha 40. Mtu wa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Kuanzia hapo hawezi kufukuzwa bila sababu halali. Kijana wetu alipotusikia alicheka. Kila akikaribia siku ya 20, kapita anamwambia apumzike nyumbani kidogo, kisha anaitwa upya. Hakuna karatasi, na siku zake hakuna anayezihesabu. Kwa hiyo uhuru wa kuondoka anao. Uhuru wa kubaki kazini na kusema “hapana, leo ninakwenda kuabudu”, huo hana, kwa sababu nyumbani kuna mama na wadogo wanaongoja bukari.

Tumezoea kuwajibu vijana kama hawa kwa maneno ya Paulo katika 1 Wakorintho 7, kwamba mtumwa aliyeitwa na Bwana ni mtu huru wa Bwana. Ni kweli. Ila mstari wa 21 tunauruka upesi, pale anapomwambia mtumwa kwamba akiweza kupata uhuru, autumie.

Na tusome Kutoka 5. Waisraeli waliokuwa wakifyatua matofali waliomba siku tatu tu waende kumtolea Mungu sadaka. Farao alikataa, akawanyima majani na kudai hesabu ileile ya matofali. Sababu aliyotoa ni kwamba wao ni wavivu. Tuliposoma sura hiyo katika kikao cha wazee, kulikuwa kimya, maana neno hilo ndilo tulilolitumia sisi.

Tangu hapo shemasi mmoja amewapa vijana daftari ndogo. Kila mmoja anaandika tarehe aliyofanya kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka na pesa alizopokea. Kwa mkaguzi wa kazi, malalamiko matupu hayafiki mbali. Daftari yenye tarehe, pamoja na mashahidi wawili, ni mwanzo. Tunawaomba wazazi wasiwaache waende huko peke yao: mzee mmoja wa kanisa awasindikize.

Mazoezi ya kwaya tumeyapeleka saa kumi jioni, kabla ya zamu ya usiku.