Muuaji Anayehurumiwa: Macbeth, Iago na Mipaka ya Tanzia

Katika Poetika, kitabu kifupi cha karne ya 4 kabla ya Kristo ambacho hadi leo mijadala mingi kuhusu tanzia huanzia humo, Aristotle aliweka sharti ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina ubishi. Tanzia, yaani tamthilia inayomfuata mtu mwenye hadhi mpaka anapoanguka na kuangamia, haiwezi kumfanya mtu mwovu kabisa kuwa mhusika wake mkuu, kwa sababu anguko la mtu wa namna hiyo huwaridhisha watazamaji bila kuwatia huruma wala hofu: huruma huwaendea waliopatwa na mabaya wasiyoyastahili, na hofu humshika mtazamaji anapoona kwamba aliyepatwa ni mtu kama yeye. Mtu mwema kupita kiasi naye alikataliwa, kwani mateso yake huchukiza badala ya kuhuzunisha. Anayebaki ni mtu wa katikati, mwenye jina na cheo, asiyeporomoka kwa ubaya wa moyo bali kwa kile ambacho Aristotle alikiita hamartia.

Hamartia, kwa maana inayolingana na mfano alioupenda Aristotle mwenyewe, ni kosa litendwalo kwa kutojua. Mfano huo ni Mfalme Oedipus wa Sophocles, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1971 katika tafsiri ya Samuel Mushi iitwayo Mfalme Edipode. Oedipus anamuua mzee njiani na kumwoa mjane wa mfalme bila kujua kwamba hao ndio waliomzaa. Alichokosa ni habari, si uadilifu, ingawa hasira zake za haraka hazikumsaidia. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya mwaka 1969 iliyojengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, anasimama karibu na hapo: anawaunganisha watu kwa ahadi ya maji, kisha anatambua kwamba neno alilolitoa limekwisha kumponyoka na linawasukuma kwenye bunduki za Wajerumani kabla hawajawa tayari, na mwishoni, akiwa mikononi mwa adui, anakataa kulikana kwa kuwa kulikana kutawavunja nguvu watakaoendelea kupigana. Hakuna msomaji anayeifunga tamthilia hiyo akidhani kwamba Kinjeketile alikuwa habithi.

Macbeth, kwa upande wake, haingii katika mizani hii hata kwa kulazimishwa. Tamthilia yake, inayokadiriwa kuandikwa karibu na mwaka 1606 na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka 7 baada ya kifo cha Shakespeare, inasimulia habari za jemadari wa Uskoti ambaye anamuua mfalme wake usingizini, anawaua walinzi wawili ili wasingiziwe, anawatuma watu wamuue rafiki yake Banquo, na hatimaye anaagiza mke na watoto wa Macduff, mkabaila mwenzake, wauawe nyumbani kwao. Hakuna lolote kati ya hayo linalotendwa kwa kutojua. Kwa sharti la Aristotle huyu ni mwovu anayestahili mwisho wake, na bado kwa zaidi ya miaka 400 watazamaji wameendelea kumwonea uchungu, jambo linalodai maelezo.

Maelezo rahisi ni kwamba mtunzi alimtafutia visingizio: wachawi walimdanganya, mke alimchochea. Anayelinganisha tamthilia na chanzo chake ataona kinyume cha hayo. Shakespeare aliichukua habari hii katika kumbukumbu za historia za Raphael Holinshed, zilizotoka mwaka 1577 na tena mwaka 1587, na humo Macbeth ana utetezi wa kutosha. Duncan ni mfalme mlegevu asiyeweza kuwaadhibu wakorofi. Anapomteua mwanawe aliye mdogo kuwa mrithi, anamnyima Macbeth haki ambayo sheria za kale za nchi zingempa. Banquo anaijua njama na kuiunga mkono. Na baada ya kutwaa kiti, Macbeth anatawala vizuri kwa miaka 10 na kutunga sheria njema kabla ya kugeuka dhalimu. Macbeth wa historia alitawala miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan aliyemtangulia alikuwa bado kijana alipouawa vitani.

Utetezi huo karibu wote umefutwa. Duncan wa jukwaani ni mzee mpole anayewapenda watumishi wake. Madai ya urithi hayatajwi kama haki iliyoporwa. Miaka 10 ya utawala mwema imetoweka. Naye Banquo ametakaswa, bila shaka kwa sababu pia James wa Kwanza, aliyepanda kiti cha Uingereza mwaka 1603, alimhesabu kuwa babu yake. Hata namna ya kuua imeongezewa uzito. Mauaji ya mgeni aliyelala chini ya dari ya mwenyeji wake hayatoki katika habari za Macbeth, bali katika habari nyingine ya Holinshed kuhusu Donwald na Mfalme Duff. Ila Donwald, akichochewa na mkewe, aliwatuma watumishi wafanye kazi hiyo, ilhali Macbeth anaifanya kwa mkono wake. Mtunzi aliyetaka kumpunguzia mhusika wake lawama asingepita njia hiyo. Ni kana kwamba Shakespeare aliufunga kwa makusudi kila mlango ambao huruma ingeweza kuingilia, kisha akabakiza mmoja.

Mlango huo ni uzungumzi nafsia, yaani maneno ambayo mhusika huyasema akiwa peke yake jukwaani, ambayo kwa kanuni ya tamthilia za zama hizo huchukuliwa kuwa mawazo yake ya kweli. Katika onyesho la 7 la tendo la kwanza, karamu ya Duncan ikiendelea chumba cha pili, Macbeth anatoka peke yake na kuipima kesi kama hakimu. Anaorodhesha sababu za kutoua: yeye ni ndugu wa mfalme, ni raia wake, tena ni mwenyeji wake ambaye angepaswa kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu mwenyewe, na Duncan ametawala kwa upole kiasi kwamba fadhila zake zitamlilia. Upande wa pili wa mizani hana cha kuweka isipokuwa tamaa ya makuu, na anakiri hivyo. Kwa hiyo mtazamaji hamhukumu Macbeth kwa ushahidi aliouleta mwingine, kwa kuwa hukumu kali kuliko zote ameitoa Macbeth mwenyewe kabla ya kutenda. Baada ya kutenda, kinachomsumbua kwanza si hofu ya kukamatwa, bali ni kwamba aliwasikia watu wakiomba na akashindwa kuitikia amina, na kwamba sauti imemwambia ameuua usingizi.

Mauaji yenyewe hayaonyeshwi. Watazamaji wanabaki na wauaji, wakisikiliza nao kila mlio wa usiku, mpaka lango linapogongwa; na Thomas De Quincey, katika makala maarufu ya mwaka 1823, alieleza kwamba mshtuko wa hodi ile unatokana na kurejea ghafla kwa dunia ya kawaida, ambayo mtazamaji hakutambua kwamba alikuwa ametengwa nayo.

Iago, mwovu wa Othello, tamthilia iliyochezwa mbele ya mfalme mwaka 1604, naye ana uzungumzi nafsia mwingi, na hapo ndipo tofauti kati ya shujaa wa kitanzia na habithi inapojitokeza. Kwa mkono wake Iago anamchoma Roderigo na kumuua mkewe mwenyewe, Emilia; ukihesabu maiti tu, ameua wachache kuliko Macbeth. Lakini akibaki peke yake hajipimi, bali anapanga. Huwageukia watazamaji, huwaeleza mtego unaofuata na kuwafanya karibu washiriki, kwa mtindo uliorithiwa kutoka tamthilia za maadili za Uingereza ya kale, ambamo mhusika aliyeitwa kwa jina la Uovu aliwachekesha watu huku akimpoteza mwanadamu. Sababu anazozitaja hazikai mahali pamoja: mara amenyimwa cheo kilichopewa Cassio, mara anashuku kwamba Othello alilala na mkewe, na shuku hiyo hajishughulishi kuithibitisha. Mshairi Coleridge aliona kwamba Iago huwinda sababu za uovu ambao tayari anao. Habadiliki tangu onyesho la kwanza hadi la mwisho, na anapokamatwa anaapa kutosema neno tena, kana kwamba hata mtunzi hakuwa na la kumtilia kinywani. Waigizaji hodari huipenda nafasi hii, na watazamaji humfurahia zaidi ya wanavyopenda kukiri, lakini kumfurahia mtu si kumhurumia.

Macbeth hubadilika, na kuoza kwake kunaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Kumuua Duncan kunamgharimu tendo zima la kusitasita na mkono wake mwenyewe. Kumuua Banquo kunamgharimu maneno machache kwa watu wa kukodi, tena anamficha mkewe, ambaye hapo awali alishirikiana naye katika kila kitu. Kuiua familia ya Macduff hakumgharimu chochote wala hakumpatii chochote, maana Macduff mwenyewe amekwisha kukimbilia Uingereza. Adhabu yake ya kwanza haitoki kwa maadui. Katika tendo la 5 anasikia vilio vya wanawake ngomeni na kutambua kwamba amesahau ladha ya hofu, na anapoambiwa kwamba mkewe amefariki anashindwa kuhuzunika ipasavyo. Uwezo uleule wa kuhisi uliomfanya atetemeke mwanzoni umekufa, naye anajua kwamba umekufa.

Mkewe anakwenda njia nyingine. Ndiye aliyeziita pepo zimwondolee huruma ya kike, naye ndiye aliyeteleza kwa sentensi moja usiku ule, akisema kwamba angemuua Duncan mwenyewe kama usingizini asingefanana na baba yake. Wakati huo aliona maji kidogo yangetosha kuisafisha mikono yao. Baadaye, akitembea usingizini na mshumaa, daktari na mtumishi wakimtazama, anaisugua mikono isiyo na kitu. Yeye aliikana dhamiri yake akaikuta ikimngoja. Macbeth aliisikiliza kwa makini, akaipuuza, na mwisho akaipoteza.

Baada ya Macduff kuleta kichwa cha Macbeth, neno la mwisho ni la Malcolm, mfalme mpya, ambaye anagawa vyeo na kumtaja marehemu kuwa mchinjaji tu aliyeoa mwanamke mwenye ushetani. Kwa mujibu wa maiti zilizopo, Malcolm hakosei, na raia wa Uskoti hawana sababu ya kuhitaji maelezo zaidi. Hata hivyo yeye hakuwapo Macbeth alipozungumza peke yake karamu ikiendelea, wala hakusikia habari ya amina iliyokwama kooni. Watazamaji walisikia, na Shakespeare anawaacha watoke wakiwa na hukumu ya mfalme sikioni pamoja na ushahidi ambao mfalme hakuupata.