Kishikwambi cha mtoto kisilale kabatini bila chaji

Shule zikifunguliwa na mtoto akirudi bweni, kishikwambi alichochezea likizo nzima huwekwa kabatini hadi zifungwe tena. Mara nyingi huwekwa kikiwa kimeisha chaji kabisa. Hapo ndipo betri inapoanza kuharibika.

Betri ya lithiamu huendelea kupoteza chaji kidogo kidogo hata kifaa kikiwa kimezimwa. Ikikaa tupu muda mrefu, shaba iliyo ndani yake huanza kumomonyoka, na siku ukiichaji inaweza kupiga shoti. Kuijaza hadi asilimia 100 nako si dawa. Ikikaa imejaa, hasa penye joto, huchakaa haraka na inaweza kuvimba.

Mzazi, fanya hivi: chaji kifaa hadi karibu asilimia 50, kizime kabisa, kisha kiweke mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 32. Usikiweke juu ya friji, dirishani penye jua wala ndani ya gari. Kila baada ya miezi 3 kikague na ukirudishe kwenye nusu.

Ukiona kioo kimebenuka au mfuniko umeinuka, usikichaji wala kukibonyeza. Betri iliyovimba ikitobolewa inaweza kuwaka moto ghafla na kutoa moshi wenye sumu. Iweke mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, kisha mwite fundi. Usiitupe jalalani, kwa sababu watoto huokota huko vitu vya kuchezea.