Mtoto Huyu ni wa Nani? Safari ya Siku Moja Kutoka Busia na Tororo Hadi Kisumu



Shule zinapofungwa, kituo cha mpakani hupokea familia ambazo haziendi kuuza wala kununua. Zinakwenda Kisumu kutembea tu, na kurudi kabla ya giza. Kutoka Busia hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 110, mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa matatu, kwa kutegemea abiria wanaopanda na kushuka Bumala, Ugunja, Yala, Luanda na Maseno. Mkazi wa Tororo anaweza kusema kwamba Mbale iko karibu zaidi, tena imekuwa jiji tangu Julai 1, 2020. Ni kweli. Lakini Mbale haina ziwa, na mtoto wa miaka miwili aliyesikia habari za ziwa hawezi kuridhishwa na maelezo.

Katika safari hiyo kuna swali moja ambalo wazazi wengi hulichukia, nalo ni lile la afisa anayemtazama mtoto mgongoni kisha akauliza: “Mtoto huyu ni wa nani?” Mama aliyembeba mwanawe kwa miezi tisa, akamlea kwa miaka miwili, huliona swali hilo kuwa ni tusi. Tunalifahamu chukizo hilo, na ndiyo sababu tumeona heri kueleza kwa utaratibu kwa nini swali haliachwi.

Tangu mwaka 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho kina picha, nacho humwambia afisa kwamba aliyesimama mbele yake ndiye anayetajwa katika kadi. Mtoto mdogo hana kadi hiyo. Kenya humpa mtu kitambulisho akiwa na miaka 18, na Uganda akiwa na miaka 16. Mtoto asiye na pasipoti huja na cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa hakina picha. Kinathibitisha kwamba mtoto wa jina fulani alizaliwa siku fulani kwa mama fulani, lakini hakithibitishi kwamba mtoto huyo ndiye huyu aliyelala begani. Pengo lililopo kati ya karatasi na mtoto haliwezi kuzibwa kwa karatasi nyingine ya aina ile ile. Huzibwa kwa maswali, na kwa kumtazama mtoto jinsi anavyomshika aliyembeba.

Majina nayo hayamsaidii sana afisa wa mpaka huu. Kwa Wasamia, Wateso, Wajopadhola na jirani zao, mtoto huweza kuitwa jina la babu, la msimu aliozaliwa, au la tukio lililoipata familia, wala si lazima jina hilo lifanane na lililo katika kitambulisho cha baba au mama. Afisa aliyezaliwa katika eneo hili anayajua hayo, naye hatamshuku mtu kwa sababu majina hayafanani. Kwa sababu hiyo hiyo, hawezi kumwamini mtu kwa sababu yanafanana.

Sheria pia inamtaka aulize. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Uganda ilitangulia kutunga sheria yake mwaka 2009. Katika sheria hizi kuna jambo ambalo wananchi wengi hawajalisikia: anaposafirishwa mtoto kwa nia ya kumtumia vibaya, hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alilazimishwa au alidanganywa. Kukubali kwake si utetezi. Mtoto wa miaka miwili, kwa vyovyote, humfuata kwa furaha yeyote aliyempa biskuti. Kwa hiyo utulivu wa mtoto peke yake haumtoshi afisa, wala kilio chake hakimtii mzazi hatiani, maana watoto wa umri huo hulia kwa kuvalishwa viatu.

Msafiri ajiandae namna gani basi? Achukue cheti halisi cha kuzaliwa, si picha iliyopigwa kwa simu, pamoja na kadi ya kliniki. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa mpakani, na chanjo yenyewe hutolewa kwa mtoto kuanzia miezi 9. Mzazi ambaye mtoto wake hana pasipoti afike katika dirisha la uhamiaji siku kadhaa kabla ya safari, aeleze anakokwenda na siku atakayorudi, aambiwe hati ya kumvusha mtoto. Ni bora kuulizia habari hiyo siku ya Jumatano kuliko kuulizia Jumamosi asubuhi huku matatu inapiga honi.

Mzazi mmoja akisafiri peke yake na mtoto, au mtoto akienda na nyanya, shangazi au mjomba, tunashauri barua. Haihitaji ufundi wa wakili. Iandikwe jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, jina na namba ya kitambulisho cha anayemchukua, mahali wanapokwenda, siku ya kurudi, na namba ya simu ya mzazi aliyebaki. Mzazi huyo atie sahihi na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Ikipata muhuri wa chifu kwa upande wa Kenya, au wa mwenyekiti wa LC ya kwanza kwa upande wa Uganda, itapata uzito zaidi. Mzazi aliyebaki asizime simu asubuhi hiyo. Barua nzuri ambayo mwandishi wake hapatikani humweka nyanya benchini saa nzima, na nyanya hastahili hivyo.

Wapo wanaoona kwamba yote haya ni usumbufu, wakaamua kupita njia za panya, maana nyumba za Busia zimesogeleana hata mtu akatoka uani kwa jirani akajikuta katika nchi nyingine. Tuseme wazi. Mtu mzima apitaye huko amevunja sheria na atajibu mwenyewe, lakini mtoto avushwaye huko hana alama yoyote aliyoiacha nyuma. Akipotea Kisumu saa sita mchana, hakuna kitabu kinachoonyesha kwamba alivuka, alivuka na nani, wala saa ngapi. Tena mzazi mwenyewe huogopa kwenda kituoni kwa sababu hajui atajibu nini kuhusu njia aliyopitia, na hofu hiyo humpotezea saa ya kwanza, ambayo ndiyo yenye thamani kuliko zote zitakazofuata.

Njia halali siku hizi si ndefu kama zamani. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni Februari 24, 2018. Aendaye Kenya hushughulikiwa upande wa Kenya, na maafisa wa nchi zote mbili wamekaa katika jengo moja, hivyo mama mwenye mtoto mgongoni hupanga foleni mahali pamoja badala ya pawili. Malaba, ambako wengi wa Tororo huvukia, kuna utaratibu kama huo. Wazee watakumbuka kwamba zamani umbali uliokuwapo kati ya vituo vya nchi hizi ndio uliowapa kazi vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, na jina la bodaboda likazaliwa hapa kwetu kabla ya kuenea Afrika Mashariki nzima. Na aliyetangulia zaidi angeshangaa kuulizwa chochote: reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kisumu yenyewe ilikuwa ndani ya Uganda, ikahamishiwa upande wa pili mwaka 1902.

Tukitaja bodaboda, sheria ya Kenya inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Mama na mtoto ni abiria wawili, hata kama dereva atawahesabu kuwa mmoja. Na hatari nyingine ya mpakani ni malori. Dereva wa lori la kontena au la mafuta huketi juu sana, na mtu aliye chini ya kiuno cha mtu mzima, akisimama karibu na pua ya lori, haonekani kabisa kutoka kitini. Lori lililosimama kwa saa tatu katika foleni huondoka ghafla foleni inaposogea. Mtoto abebwe mgongoni kwa leso mpaka familia iwe imeingia ndani ya matatu. Asitembezwe kwa mkono kati ya magari hayo, hata kama amesisitiza kwamba yeye ni mkubwa.

Mtoto hupotea lini? Watu hudhani hupotea wazazi wanapozembea. Mara nyingi huwa kinyume: hupotea mikono ya mzazi inapokuwa na kazi. Ni pale anapotoa kitambulisho, anapohesabu fedha kwa mbadilisha fedha, anapomlipa makanga, anapopokea mfuko uliotupwa kutoka juu ya gari. Hupotea zaidi wanapokuwapo watu wazima wawili au watatu, kwa sababu kila mmoja anaamini yuko kwa mwenzake. Dawa ya jambo hili ni ya mdomo. Anayemkabidhi mtoto aseme “mchukue,” na anayempokea ajibu “ninaye.” Pasipo jibu, mtoto hajapokewa.

Kisumu yenyewe ina mahali pazuri pa mtoto wa umri huo. Hifadhi ya Impala, iliyo chini ya shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, iko ufukweni karibu na mji, na mtoto huwaona swala bila kusafiri tena. Tumbili wa huko ni hodari wa kunyang'anya, na huchagua mkono mdogo zaidi, hivyo ndizi ibaki ndani ya mfuko. Makumbusho ya Kisumu ina nyoka, mamba na boma la kienyeji la Kijaluo. Dunga ndiko kwenye mashua na samaki. Asipandishwe mtoto mashua ambayo haina jaketi la kuokolea linalomtosha yeye, kwa maana jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto likabaki likielea peke yake. Na gugu maji litazamwe kwa uangalifu mkubwa. Likijaa ufukweni hufanana na majani ya malisho, na mtoto wa Tororo aliyezoea nyasi atalikanyaga kama nyasi. Chini yake ni maji. (Kuhusu chakula tuseme neno moja tu: ngege ana miiba midogo mingi, na chambueni kwa vidole kabla ya kumlisha mtoto.)

Kabla ya kuondoka nyumbani, mpigeni mtoto picha kwa simu, akiwa amevaa nguo za siku hiyo na viatu vyake. Mzazi mwenye hofu husahau rangi ya shati alilomvalisha mwenyewe asubuhi. Kisha andikeni namba mbili za simu kwenye kitambaa, mkishone ndani ya nguo, mahali pasipoonekana kwa nje. Hapa wengi hukosea jambo dogo lenye madhara makubwa. Namba ya Uganda ikiandikwa kwa kuanza na 07, msamaria mwema wa Kisumu ataipiga kwa simu ya Kenya, na itamwita mtu mwingine wa Kenya au haitaita kabisa. Andikeni +256 mbele ya namba ya Uganda, na +254 mbele ya ile ya Kenya. Mfundisheni mtoto pia jina lenu halisi, maana ukimwuliza wa miaka miwili jina la mama yake atakujibu kwa uhakika kwamba ni “Mama.” Mtoto wa Kijopadhola huenda akaeleweka kidogo na Wajaluo wa Kisumu, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Yule wa Kiteso au Kisamia huenda asipate mtu wa kumwelewa karibu.

Akipotea, nendeni kwa afisa aliye karibu au kituo cha karibu papo hapo. Ile imani kwamba lazima kusubiri saa 24 kabla ya kuripoti haina msingi, na hasa kwa mtoto. Mmoja wenu abaki pale alipoonekana mara ya mwisho, kwa sababu watoto wengine hurudi, na mwingine aende kuripoti. Ombeni namba ya ripoti, ambayo Kenya huitwa OB na Uganda huitwa SD, na mwihifadhi. Namba za dharura ni 999 na 112 kwa nchi zote mbili, na namba ya msaada kwa watoto ni 116, nayo pia ni moja kwa Kenya na Uganda. Mtakapompata kituoni, mtaombwa uthibitisho kabla ya kukabidhiwa. Ile picha ya asubuhi na cheti halisi ndivyo vitakavyofupisha muda huo.

Ondokeni Kisumu ifikapo saa tisa alasiri ili mfike mpakani jua lingalipo. Kwenye kuvuka mtaulizwa tena, maana afisa wa jioni siye wa asubuhi, na mtoto aliyetoka si lazima awe ndiye anayerudi. Wakati huo atakuwa amelala, amefunikwa leso mpaka kichwani. Afisa akiomba mfunue uso wake, mfunueni.