Plastiki Inayokumbuka

Karibu na Soko la Majengo, Dodoma, fundi pikipiki akishaunga waya wa taa huuvika kibomba chembamba cheusi cha plastiki, kisha hukipitishia moto wa kiberiti cha gesi. Kibomba kinanywea, kinaubana waya. Wengi wetu hudhani kimeyeyuka. Sivyo: kimekumbuka umbo lake.

Kiwandani kilianza kikiwa chembamba, nyuzi zake ndogo zisizoonekana zikafungwa mafundo kama wavu. Kikapashwa moto, kikatanuliwa, kikapozwa kabla hakijarudi, na ubaridi ukazikamata nyuzi mahali zisipotaka kukaa. Moto wa fundi huzifungulia tu.

Plastiki hii ina udhaifu. Joto hupenya taratibu, umeme haupiti kabisa, na inaporudi kwenye umbo lake hurudi na nguvu haba. Hapo ndipo inapoingia grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Mwaka 2004, jijini Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov waliipata kwa kubandua kinywe, yaani grafiti, kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka. Mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Gramu moja ikitandazwa yote hufunika mita za mraba zipatazo 1,300, karibu theluthi moja ya eka! Ndiyo maana kidogo ikichanganywa kwenye plastiki hutosha: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa plastiki aina ya polistireni huanza kupitisha umeme grafini ikifika sehemu 1 kwa 1,000 ya ujazo wake. Umeme ukishapita, joto huzaliwa humo humo ndani, na kiberiti hakihitajiki tena.

Na kinywe hatuna haja ya kukiagiza ng'ambo. Kipo Mahenge, kipo Ruangwa, na kule Mererani kinakaa mwamba mmoja na tanzanaiti. Wizara ya Madini iko hapa Dodoma. Hata hivyo tunakizungumzia kwa tani, mara chache kwa gramu.

Kikwazo kilichobaki anakijua kila aliyesonga ugali wa mtama: madonge. Tando za grafini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na njia ya umeme inakatika. Wakemia huzitia oksijeni ili zitawanyike majini, kisha huiondoa ili umeme upite tena. Lakini kuiondoa huacha matundu kwenye utando. Natamani mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aanzie hapo, na kiganja cha kinywe cha Mahenge.