Airisi Iliyomchosha Mama Bure

Miaka mitatu iliyopita nilinunua matunguu kumi ya ua liitwalo airisi katika duka moja la mbegu jijini Dar es Salaam. Picha ya pakiti ilionyesha maua ya zambarau yanayopendeza kweli. Nikayabeba hadi Nalasi, wilayani Tunduru, nikampandia mama mbele ya nyumba. Kiangazi chote mama aliyamwagilia kwa maji aliyobeba kichwani kutoka kisimani. Majani yalichipua, marefu kama visu. Ua halikutoka hata moja, na mwishowe matunguu yakaoza.

Kosa halikuwa la mama wala la udongo wa Nalasi. Airisi za aina ile zimezoea nchi zenye majira ya baridi kali, na ni baridi hiyo inayoliandaa tunguu kutoa maua. Joto letu halina kazi hiyo. Tena tunguu lake hupenda ukavu. Likilowa kila siku, huoza.

Kumbe tunaye ndugu yake hapa hapa. Wataalamu humwita Dietes iridioides, na wengi humwita airisi ya Afrika. Huota porini kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwamo, hasa pembezoni mwa misitu. Ua lake ni jeupe, lina madoa ya manjano na zambarau katikati. Ua moja huishi siku moja tu, lakini mengine hufuata.

Kulipanda si kazi. Usiling'oe msituni, omba kipande kwa jirani mwenye kichaka kikubwa, au nunua kwa wauza miche. Mvua zikianza, changanya udongo na samadi iliyooza, kisha fukia tunguu juu juu, usilizamishe. Acha nusu mita kati ya mche na mche. Kivuli chepesi hakilidhuru. Mwagilia mpaka lishike, baadaye mara moja moja tu. Bua lililokwisha kuchanua usilikate likiwa bado bichi, maana huchanua tena. Kichaka kikisongamana, kigawe.

Sasa mama anacho kichaka chake karibu na mkorosho. Juzi aliniambia, "Mwanangu, hili halinitumi kisimani kila siku."

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Hadi juma lijalo, kwaheri.