Timu Ikishuka Daraja, Kocha Ndiye Mbaya? Uliza Kwanza Alikuwa Analishwa Nini

Kama umewahi kupitia Lubao siku ya Ijumaa, kwa hii barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, unajua kuna soko la mbwa. Si utani, mbwa wanauzwa kama kuku. Na ukikaa kando uangalie, utajua mara moja nani anajua kununua na nani anaenda kuuziwa. Mgeni anadanganywa na kelele. Mbwa akibweka sana anasema huyu ni mkali, anatoa ganji. Mzee mwenye anajua kazi yake anafungua mdomo aone meno, anashika mbavu, halafu anamuuliza mwenye mbwa: "Huyu umekuwa ukimlisha nini?"

Sasa hao hao wasee, jioni ikifika na wakilipa mbao yao waingie base ya mpira, hiyo akili yote wanaiacha mlangoni. Timu ikishuka daraja hakuna mtu anauliza ililishwa nini. Ni kocha. Kocha ni takataka, kocha hajui mpira, kocha afutwe jana.

Niliketi kwa mjadala kama huo hapo stage ya boda. Kijana mmoja, shabiki wa Leicester tangu 2016 (mwaka ambao kila mtu aligundua babu yake alikuwa shabiki wa Leicester), alikuwa anaapa kwamba Brendan Rodgers ndiye aliua timu yao. Mwingine akamkata akasema hakuna kocha feki duniani kama Vincent Kompany, kwamba alizamisha Burnley halafu akapewa Bayern kama zawadi. Walikuwa karibu kushikana mashati. Wote wawili walikuwa na nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo nataka tuongee leo.

Tuanze na Leicester, kwa sababu pale hesabu iko wazi kabisa.

Msimu wa 2022/23 Rodgers alisimamia mechi 28 za ligi na akapata pointi 25. Aprili 2, 2023 akaonyeshwa mlango, timu ikiwa nambari 19. Mechi mbili zikachezwa bila kocha wa kudumu, zote wakachapwa. Halafu akaletwa Dean Smith, akapewa mechi 8. Akashinda 2, sare 3, akapoteza 3. Hiyo ni pointi 9. Jumla ikawa 34. Siku ya mwisho, Mei 28, Leicester walichapa West Ham 2-1, lakini Everton nao wakawalima Bournemouth 1-0 na kumaliza na pointi 36. Leicester wakashuka. Pointi mbili tu.

Mashabiki wakaangalia hivi: Smith ndiye alikuwa kwa usukani meli ikizama, kwa hivyo Smith ni bure. Lakini toa simu yako upige hesabu. Rodgers: 25 ukigawa kwa 28, unapata karibu pointi 0.9 kwa kila mechi. Smith: 9 ukigawa kwa 8, ni 1.1 na kidogo. Ukichukua hiyo spidi ya Smith uizidishe kwa mechi 38, unapata kitu kama pointi 42 au 43. Na hizo zingewaweka salama msimu huo bila presha.

Usikimbie kusema basi Smith alikuwa moto. Mechi 8 ni chache sana, hata jiwe likirushwa mara nane linaweza kugonga ndege. Point yangu ni kwamba yule mtu wa kulaumiwa kwa sababu alikuwepo siku ya mazishi si lazima awe ndiye aliyemwagia marehemu sumu.

Na Rodgers je? Hapa ndipo yule kijana wa stage alinyamaza kidogo. Huyu ni kocha aliyewapa Leicester FA Cup yao ya kwanza kabisa, Mei 2021, lile goli la Tielemans dhidi ya Chelsea. Alimaliza nambari 5 mara mbili mfululizo. Halafu ikaja ile summer ya 2022. Kipa Kasper Schmeichel akaenda Nice. Beki Wesley Fofana akauzwa Chelsea kwa pesa ndefu. Timu zingine zikiwa sokoni na magunia, Leicester walinunua beki mmoja wa maana, Wout Faes, na kipa wa akiba. Rodgers mwenyewe alilalamika hadharani kwamba kikosi kinahitaji damu mpya.

Hiyo ndiyo maana ya kuuliza mbwa amelishwa nini.

Lakini pia usimwache aende bure. Hicho kikosi kilikuwa na James Maddison, Harvey Barnes, Tielemans, Vardy. Kwa karatasi hiyo si timu ya kushuka. Walikuwa wanafungwa magoli yale yale wiki baada ya wiki, na kocha hakubadilisha cha maana. Maoni yangu: wenye timu walifunga mkoba, Rodgers akakosa jibu, na uongozi ukachelewa kuamua hadi zimebaki mechi 10. Ukinilazimisha kugawa lawama, kocha nampa nusu, si zaidi. Na Smith simpi kitu.

Sasa twende kwa Kompany, hii ndiyo tamu.

2022/23 Burnley walibeba Championship na pointi 101. Mpira wa pasi, kuanzia kwa kipa, kila mtu anacheka. Klabu ikampa mkataba mpya wa miaka mitano. Msimu uliofuata, huko EPL, walipata pointi 24 pekee. Mei 11, 2024 wakachapwa na Tottenham 2-1 na safari ikaisha. Siku 18 baadaye, Bayern Munich wakamtangaza kuwa kocha wao.

Maze, mtandao ulilipuka. Kwamba ukifeli mtihani wa darasa la nane unapelekwa chuo kikuu moja kwa moja? Ni kweli pia Bayern walikuwa wameshakataliwa na makocha kadhaa kabla hawajafika kwake, hiyo hatufichi. Lakini msimu wake wa kwanza, 2024/25, alibeba Bundesliga.

Kwa hivyo Kompany ni kocha mzuri ama mbaya? Swali lenyewe ndilo limepinda. Uliza: mzuri kwa kazi gani, akiwa na nani?

Angalia wale waliompandisha. Nathan Tella, aliyefunga magoli 17 ya ligi, alikuwa wa mkopo kutoka Southampton. Msimu uliofuata alikuwa Leverkusen akibeba ubingwa bila kupoteza mechi. Ian Maatsen, beki wa kushoto, alikuwa wa mkopo kutoka Chelsea. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anacheza fainali ya Champions League na Dortmund. Yaani Kompany alipanda na gari la kukodi, na walipofika juu wenye gari wakalichukua. Akabaki na vijana wengi wapya ambao hawakuwa wameonja EPL, halafu akawaambia wacheze pasi kutoka nyuma mbele ya straika wenye njaa. Kila wiki tuliona sinema ile ile: kipa anatoa pasi fupi, beki anapepesuka, goli.

Hapo kosa ni lake. Wa kuazimwa walirudi kwao, sawa, lakini hakuna mtu alimkataza kupiga mpira mrefu mara moja moja. Ubishi huo huo ukiwa na Harry Kane mbele unaitwa falsafa. Ukiwa nambari 19 unaitwa kiburi. Ni mtu yule yule na mpira ule ule, na hiyo inakuonyesha ni kiasi gani cha kazi ya kocha kiko mikononi mwake, na ni kiasi gani kiko kwa mwenye kuandika cheki.

Southampton wa 2024/25 sitakaa nao sana, wanatia huruma. Russell Martin alipata pointi 5 kwa mechi 16, akafutwa Desemba. Akaja Ivan Jurić, pointi 4 kwa mechi 14. Walishuka Aprili zikiwa zimebaki mechi 7, wakamaliza na 12. Ukibadilisha dereva na gari bado haliendi, fungua boneti.

Na kabla uanze kupiga kelele "kocha out" hapo kwa base, kuna hii pia. Mchumi mmoja wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichukua ligi yao kuanzia 1986 hadi 2004 akalinganisha timu zilizofuta kocha zikiwa chini na timu zilizokuwa chini vile vile lakini zikamvumilia wao. Zote ziliamka karibu sawa. Sababu si ngumu. Timu hufuta kocha ikiwa mahali pabaya zaidi, na ukiwa chini kabisa, mara nyingi njia iliyobaki ni ya juu. Sisi tunaona matokeo yamebadilika baada ya kocha mpya kuingia, tunampa sifa zote. Pengine ni jua tu limechomoza, na jogoo anadhani ni yeye aliliita.

Enyewe, hizo ni za Ulaya. Turudi nyumbani, kwa sababu huku ndiko mambo huwa moto.

Ukiuliza wazee wa Lubao kuhusu kushuka daraja hawatakuambia Leicester. Watakuambia Ingwe. AFC Leopards, timu iliyoanzishwa 1964 kama Abaluhya United, mabingwa wa CECAFA mara tano, isukuti ikilia hadi mtaa wa pili. Timu hiyo ilishuka, ikasota kwa ligi ya chini, na ikarudi ligi kuu msimu wa 2009. Sasa muulize mzee yeyote kocha wa msimu ule walioshuka alikuwa nani. Wengi watakuna kichwa. Lakini vita vya uongozi vya miaka ile, mirengo, watu kuvutana viti, hayo watakusimulia mpaka chai ipoe. Kumbukumbu zao ziko sawa kuliko za Twitter.

Halafu kuna Sony Sugar wa Awendo. 2006 walikuwa mabingwa wa Kenya. 2019 wakatupwa nje ya ligi kuu kwa sababu walishindwa kufika kwa mechi tatu. Hakukuwa na doo. Mwaka huo huo SportPesa walikuwa wamefunga mkoba wa udhamini, na klabu kibao zikabaki zikihema. Nikuulize, pale Awendo ungeleta Guardiola angefanya nini? Angepanga fomesheni gani ya kushinda mechi ambayo basi halina mafuta ya kwenda?

Hii ndiyo tofauti kubwa kati yetu na wao. Rodgers akifutwa analipwa fidia, anapumzika, anaenda Celtic. Kocha wa Kenya akilaumiwa mara nyingi huwa anadai mishahara ya miezi. Wachezaji wake wamekuja mazoezi kwa miguu, wengine hawajakula. Wakipoteza, sisi tunaingia kwa simu tunamtukana yeye, mama yake na ukoo wote. Na yule ofisa aliyekula pesa za usajili anasoma hizo comments akitabasamu, kwa sababu jina lake halimo.

Sisemi makocha wetu ni malaika. Wako wale wanaweka mtoto wa rafiki kwa kikosi, wako wale mbinu zao ziliisha zamani na hawataki kujifunza. Homeboyz hapo Bukhungu walituonyesha kwamba kazi ya kocha huonekana hata timu ikiwa haina mkoba wa Tusker. 2021/22 walimaliza na pointi 63 sawa na hao Tusker, wakanyimwa ubingwa na tofauti ya magoli tu. 2023 wakabeba kombe la FKF mbele ya hao hao. Kwa hivyo ukiniambia kocha hana maana yoyote, nitakukatalia pia.

Ninachotaka ni uangalie vitu vichache kabla ya kuhukumu. Kikosi alikikuta ama alikichagua? Aliingia lini, Julai ama timu ikiwa tayari ICU? Mambo yalipoharibika alijaribu kitu kingine, ama alirudia kile kile? Vijana walilipwa? Na kubwa zaidi, waliomwajiri bado wako? Kama kocha ni wa nne kwa miaka mitatu na mwenyekiti ni yule yule, wewe mwenyewe unajua mbwa wa kuangaliwa meno ni nani.

Nilisema haya pale stage. Shabiki wa Leicester akakubali kidogo, wa Kompany akakataa kabisa. Halafu mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Na huyu wetu je?"

Maana yake timu ya mtaa. Nayo imeshuka, ligi ya chini huko ambako hakuna kamera. Kocha ni msee wa boda, pengine alikuwa hapo hapo kwa laini akisubiri abiria. Wasee walikuwa wamesema afutwe.

"Afutwe kwa mshahara gani?" mwenye stage akauliza.

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejibu. Jumapili iliyofuata nilipita uwanjani. Alikuwa huko, pikipiki ameegesha kando ya goli, na vijana kama kumi na wanne. Mipira ilikuwa mitatu. Miwili ilihitaji upepo, na pampu alikuwa ametoa kwa boda yake.